Kutabiri hatima ya mikoko na nyasi za chumvi bahari inapopanda: anza na nukta moja

Bahari ikipanda nusu mita, mimea ya ardhioevu ya pwani itapona au itazama? Jibu la haraka ni ramani ya beseni: chukua mwinuko wa ardhi wa leo, ongeza maji sentimita 50, paka buluu kila kilichofunikwa. Kwa barabara hesabu hiyo yatosha kuanzia, maana lami haiongezeki kimo. Kwa ardhioevu inapotosha. Huko kila maji yanapojaa huacha utando wa tope, mizizi hufa na kugeuka mboji palepale ilipoota, na uso wa ardhi unapanda kidogo kidogo. Kuna vinamasi vya chumvi vilivyodumu maelfu ya miaka bahari ikiwa inapanda, kwa sababu navyo vilikuwa vinapanda.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wakidhani vitaendelea kupanda nayo daima. Vina kikomo, na kazi ya modeli ni kukitafuta kikomo hicho na kusema kiko mbali kiasi gani.

Mwongozo huu unamfaa anayejua lahajedwali, au lugha ya programu kama R au Python kidogo. Tutaanza na nukta moja ya ardhi, tuifanyie hesabu kwa mkono, tuiendeshe miaka mia, kisha ndipo tuguse ramani. Wengi huanza na ramani kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye mkutano. Mimi naiweka mwishoni makusudi.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Mimea itaathirikaje?" si swali la kufanyia hesabu. "Je, uso wa kinamasi hiki utaweza kufuatana na bahari ikipanda milimita 8 kwa mwaka?" ni swali, na linajibiwa kwa modeli ya nukta moja. "Mikoko itakuwa wapi mwaka 2080?" linahitaji ramani, mteremko wa ardhi ya nyuma na habari za kuta na barabara. "Tukibomoa boma hili la kuzuia maji, kutabadilika nini?" linahitaji pia mwendo wa maji na mashapo, yaani tope linalobebwa na maji. Kila swali linabeba gharama yake. Chagua dogo kuliko yote linalokutosha.

Hatua ya 2: Sufuri moja kwa vipimo vyote

Hapa ndipo modeli nyingi hufia, tena kimyakimya.

Mmea haujui mita juu ya usawa wa bahari. Unachokijua ni kufunikwa: mara ngapi, kwa kina gani, kwa muda gani. Kwa hiyo kila mwinuko lazima uelezwe kwa kulinganishwa na maji ya mahali hapo. Shida ni kwamba vipimo hukujia vikiwa na sufuri tatu tofauti. Kifaa cha GPS hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na tofauti yake na usawa halisi wa bahari inaweza kufika makumi ya mita. Ramani ya taifa ina sufuri yake, iliyowekwa pengine miongo kadhaa iliyopita. Kituo cha kupimia maji bandarini kina sufuri ya tatu.

Niliwahi kuchora ramani nzuri sana iliyoonyesha miti mikubwa ya mikoko ikistawi mita moja chini ya maji kupwa. Nilikuwa nimechanganya sufuri mbili. Ilikuwa bahati, kwa sababu kosa kubwa hujitangaza lenyewe. La sentimita 15 hukaa kimya, na tutaona baadaye linagharimu nini.

Fanya hivi. Weka kipima-shinikizo cha maji ndani ya ardhioevu yenyewe, kwenye kijito kinacholishwa na bahari, si bandarini tu. Maji yanapopita kwenye vijito na kati ya mizizi hupungua nguvu, na kujaa kwa bandarini si kujaa kwa ndani. Kiache mwezi mzima angalau, ili kione bamvua mbili (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) na maji mafu mawili (maji madogo ya katikati yao). Pima kimo cha kifaa hicho kwa GPS ileile utakayotumia kupimia ardhi. Kisha linganisha mwezi wako na kumbukumbu za miaka mingi za kituo cha karibu, kwa sababu bamvua huongezeka na kupungua nguvu kwa mzunguko wa miaka 18.6 unaofuata njia ya mwezi. Mwezi mmoja hauwezi kuuona mzunguko huo.

Angalia pia umri wa sufuri. Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi imetumia wastani wa maji wa kipindi cha 1983 hadi 2001, ambacho katikati yake ni mwaka 1992. Tangu satelaiti zianze kupima uso wa bahari mfululizo mwaka 1993, wastani wa dunia umepanda takriban sentimita 10. Ukichukua sufuri ya namna hiyo bila kuisahihisha, umeipa ardhi yako sentimita kadhaa ambazo haina.

Hatua ya 3: Uso wa ardhi ulivyo kweli

Laida, yaani miale ya leza inayorushwa kutoka kwenye ndege, ndiyo chanzo bora cha mwinuko kwa eneo kubwa. Lakini kwenye nyasi nene mwale haufiki topeni. Hurudi kutoka kwenye mashina, na ramani huonyesha ardhi ikiwa juu kuliko ilivyo, mara nyingi kwa sentimita 10 hadi 30. Dawa ni kwenda na GPS sahihi ya RTK, ile inayosahihishwa papo hapo na kituo cha jirani, kupima nukta kadhaa katika kila aina ya mimea, na kukata ziada ya kila aina peke yake. Nyasi fupi na nyasi ndefu hazina kosa moja, usizikate sawa.

Kuhusu ramani za bure za mwinuko za dunia nzima, kama ile ya SRTM iliyopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000: kwa kazi hii ziache. Makosa yake ni ya mita, na kwenye msitu wa mikoko rada ile ilirudi kutoka kwenye majani, kiasi kwamba watafiti wameitumia kukadiria kimo cha miti. Kuichukua kama ardhi ni kupanda modeli yako juu ya vilele.

Hatua ya 4: Mmea unastawi kwenye kina gani?

Tuite D ule umbali wa wima kutoka uso wa ardhi hadi wastani wa maji kujaa. D ikiwa sentimita 40, maana yake maji yakijaa kwa wastani hufunika ardhi kwa sentimita 40. Hii ndiyo namba kuu ya kazi nzima.

James Morris na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na kutegemea vipimo vya miaka mingi vya kinamasi cha North Inlet, South Carolina, Marekani, walionyesha kwamba nyasi Spartina alterniflora hufuata umbo la kilima: juu mno hukaushwa na chumvi, chini mno mizizi hukosa hewa, na katikati hustawi. Kutokana na hapo ikazaliwa modeli inayojulikana kama MEM (Marsh Equilibrium Model), na hesabu nitakayoonyesha ni ndugu yake mdogo.

Kilima hicho unakipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwenda na fremu ya mraba, kukata majani, kuyakausha, kuyapima uzito, na kuandika mwinuko wa kila fremu. Ya pili ni bora zaidi lakini ina jasho: kusimamisha mabomba ya plastiki ya vimo tofauti topeni, kuyajaza udongo, kupanda mmea uleule katika yote na kusubiri misimu. Ubora wake ni huu: mabomba yanaweza kukuonyesha mmea ukiwa kwenye kina ambacho leo haupo, na bahari inaelekea hukohuko. Fremu za shambani haziwezi kukuonyesha kitu ambacho hakijatokea.

Mikoko inahitaji uangalifu wake. Kwa jumla huota kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi kwenye ncha ya bamvua kubwa, na imejipanga kwa zamu. Katika pwani ya Afrika Mashariki mlilana husimama mbele, unafuata mkoko wenye mizizi iliyoinuka kama miguu, kisha mkandaa nyuma. Ila mchu, Avicennia marina, unapatikana upande wa bahari na tena upande wa nchi kavu, katikati ukisukumwa na wengine. Ukiulazimisha uingie kwenye kilima kimoja, modeli itauweka palepale ambapo haupo. Mpe mchu vilima viwili, au mshindani.

Halafu kuna umri. Mti mzima huvumilia kina ambacho mche hauwezi. Msitu unaweza kuonekana mzima huku hakuna mche hata mmoja unaoshika. Kwa mikoko, gawa angalau miche na miti mizima. Vinginevyo utaona kifo kikichelewa na utakiita uhai.

Hatua ya 5: Hesabu ya nukta moja kwa mkono

Sasa kalamu. Namba za hapa ni za mfano, zimechaguliwa ziwe rahisi kufuata. Zako zitatoka shambani.

Mashapo kwanza. Tuseme maji yana miligramu 30 za tope kwa lita, yaani gramu 0.00003 kwa sentimita ya ujazo. D ni sentimita 40. Maji hupanda na kushuka, basi chukua nusu ya kina, sentimita 20, kama wastani wa safu ya maji. Pwani yenye kujaa mara mbili kwa siku hupata takriban kujaa 705 kwa mwaka, kwa sababu mzunguko mmoja huchukua saa 12 na dakika 25. Tukikubali kwamba tope lote linatua:

0.00003 × 20 × 705 = gramu 0.423 kwa kila sentimita ya mraba kwa mwaka.

Mboji pili. Tuseme mimea ya juu ina gramu 1,000 za uzito mkavu kwa mita ya mraba, sawa na gramu 0.1 kwa sentimita ya mraba. Mizizi ina uzito mara mbili ya hiyo, hujifanya upya mara moja kwa mwaka, na asilimia 10 yake haiozi:

0.1 × 2 × 1 × 0.10 = gramu 0.02.

Ukiishia hapo utasema mboji haina maana, ni gramu 0.02 mbele ya 0.423. Lakini tunataka kimo, si uzito. Morris na wenzake, katika uchambuzi wa mwaka 2016 wa sampuli maelfu za udongo wa ardhioevu, walipata kwamba mata ya mimea ikijipanga udongoni ina takriban gramu 0.085 kwa sentimita ya ujazo, na madini gramu 1.99. Gawanya:

mashapo: 0.423 ÷ 1.99 = sentimita 0.21
mboji: 0.02 ÷ 0.085 = sentimita 0.24

Jumla ni milimita 4.5 kwa mwaka. Gramu moja ya mizizi inachukua nafasi ya gramu 23 za tope. Ndiyo sababu mmea unapodhoofika ardhi yenyewe inaanza kuzama. Mimea si mapambo juu ya uso huo, ni sehemu kubwa ya uso wenyewe.

Hatua ya 6: Iendeshe miaka mia

Sasa weka kilima. Katika mfano wetu mmea unakufa D ikiwa -10 (ardhi ikiwa sentimita 10 juu ya maji kujaa) au 70, na unastawi kuliko kote D ikiwa 30, ambapo uzito wake ni gramu 1,067. Kwenye lahajedwali, kila mstari ni mwaka mmoja. Safu ya kwanza ni kimo cha maji kujaa, ya pili mwinuko wa ardhi, ya tatu D, ya nne uzito wa mmea kutokana na D, ya tano mashapo, ya sita mboji. Mwaka unaofuata: maji yanaongezwa kwa kasi ya bahari, ardhi inaongezwa kwa jumla ya mashapo na mboji. Basi. Kanuni moja ya ziada: D ikiwa chini ya sufuri, mashapo ni sufuri.

Endesha kwa bahari inayopanda milimita 4 kwa mwaka. Ardhi inaongezeka haraka kuliko maji, D inapungua, tope linalotua nalo linapungua, mpaka D inapotulia karibu na sentimita 28. Hapo vyote viwili vinapanda sawa. Kinamasi kimejipatia mahali pake.

Endesha kwa milimita 8. D inaongezeka. Mwanzoni kuongezeka huko kunasaidia, maana maji marefu zaidi huleta tope zaidi, lakini mmea umeshavuka kilele na mboji inapungua. Vizidishe, vipunguze, utaona jumla haiwezi kupita milimita 4.6 kwa mwaka, popote D itakapokuwa mmea ukiwa bado hai. Hicho ndicho kikomo cha kinamasi hiki cha mfano. Hakuna kina ambacho mmea unaishi kitakachoweza kukimbizana na milimita 8.

Kinachonishangaza kila nikiiendesha ni muda. Kuanzia D ya 40, mmea unachukua miaka 80 na kidogo kufika 70 na kufa kabisa. Miaka 50 ya mwanzo ukipita juu na ndege utaona kijani. Kinamasi kimeshashindwa mbio mwaka wa kwanza, na hakionyeshi. Picha za satelaiti peke yake zitakwambia hali ni njema.

Sasa lile kosa la sentimita 15. Tuseme laida haikusahihishwa, ikaiweka ardhi juu kwa sentimita 15, na wewe ukaanza na D ya 25 badala ya 40. Modeli itaanza kutoka huko na kuchukua karibu miaka 40 kufika mahali ambapo ardhi halisi ipo leo. Umekizawadia kinamasi miaka 40 ya uhai isiyokuwapo, na hakuna mstari wa programu utakaokuonya.

Jaribu jambo jingine kabla hujafunga lahajedwali: ongeza tope kutoka miligramu 30 hadi 60. Kikomo kinaruka kutoka milimita 4.6 hadi 7.5. Utaelewa mara moja kwa nini bwawa linalojengwa juu ya mto, likizuia tope lisishuke, linaweza kuidhuru ardhioevu ambayo iko mbali nalo. Delta ya Mississippi ni somo la wazi: katika pwani ya Louisiana takriban kilomita za mraba 4,800 za ardhi zilipotea kati ya 1932 na 2016, na kuta zilizofungia mto usimwage tope lake zimo katika orodha ya sababu, pamoja na mifereji iliyochimbwa na kuzama kwa ardhi yenyewe.

Hatua ya 7: Bahari gani unaiweka ndani?

Usitumie mstari ulionyooka, maana kasi inaongezeka. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inasema wastani wa dunia ulipanda milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Kwa mwaka 2100, ukilinganisha na wastani wa 1995 hadi 2014, makadirio yake ni mita 0.28 hadi 0.55 kwa njia ya utoaji mdogo kabisa wa gesi, na mita 0.63 hadi 1.01 kwa ule mkubwa kabisa. Endesha angalau njia tatu.

Kisha ongeza kuzama kwa ardhi ya mahali pako. Kwenye delta zinazovutwa maji au gesi chini ya ardhi, kuzama kunaweza kuishinda bahari yenyewe kwa kasi. Kinachoingia kwenye modeli ni jumla ya vyote viwili, kwa sababu mmea haubagui kama ni maji yaliyopanda au ni ardhi iliyoshuka.

Ili ujue kama namba zako zinaelekea kweli: uchambuzi wa udongo wa kale wa mikoko kutoka maeneo 78, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba bahari ilipokuwa ikipanda kwa zaidi ya milimita 6.1 kwa mwaka, mikoko kwa uwezekano mkubwa sana haikuweza kuanza kujijengea ardhi ya kudumu. Modeli yako ikisema mikoko itafuatana na milimita 15 bila shida, tafuta kosa kabla hujatafuta jarida.

Hatua ya 8: Pima kinachoendelea chini ya uso

Hesabu ya juu inadhani udongo haushindiliwi zaidi. Udongo halisi hushindiliwa, huvimba kwa maji, na huporomoka mizizi ikifa kwa wingi. Kifaa cha kupimia haya ni SET: fimbo ya chuma inayogongwa chini mpaka igome, na juu yake mkono wenye pini 9 zinazoshushwa hadi zigusane na tope. Unaugeuza mkono pande 4, unapata vipimo 36, na unarudi mwaka ujao palepale. Pembeni unanyunyiza unga mweupe wa feldispa. Baada ya mwaka unakata kipande kidogo na kupima tope lililolala juu ya weupe ule.

Tope likiwa milimita 6 na pini zikasema uso umepanda milimita 3, basi milimita 3 zimepotea kwa kushindiliwa. Watu huchanganya namba hizi mbili kila siku. Wanachukua unene wa tope, wanaulinganisha na bahari, wanashangilia. Cha kulinganisha na bahari ni pini.

Kama huna muda wa kusubiri miaka, nguzo ya udongo iliyokatwa na kupimwa risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi ambayo nusu ya nguvu zake huisha kwa takriban miaka 22, pamoja na kilele cha sesiamu-137 cha mwaka 1963 kilichoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, itakupa wastani wa miongo. Lakini kumbuka tope la zamani limeshashindiliwa tayari, la juu bado. Kasi ya nguzo na kasi ya feldispa hazilingani hata mahali pamoja, wala hazipaswi kulingana.

Hatua ya 9: Kutoka nukta hadi ramani

Ukiiamini nukta, rudia hesabu kwa kila kisanduku cha ramani. Mambo matatu yanaongezeka.

La kwanza ni tope kupungua kadiri unavyotoka kijitoni. Kisanduku kilicho ukingoni mwa kijito na kilicho mita 200 ndani havipati miligramu 30 zote mbili. Kanuni rahisi ya kupungua kwa umbali inatosha kuanzia, ukiisawazisha na mitego ya tope uliyoweka shambani.

La pili ni kuhamia nchi kavu, na mara nyingi ndilo linaloamua. Mteremko ukiwa asilimia 1, bahari ikipanda nusu mita inafungua mita 50 za ardhi mpya ya kuota. Ukiwa asilimia 10, ni mita 5 tu. Na kukiwa na ukuta, sufuri. Chora kuta, barabara na maboma kwa mkono juu ya picha ya angani. Ramani za mwinuko za visanduku vya mita 30 haziuoni ukuta wa mita moja, na modeli itapitisha mikoko katikati ya zege. Hata pasipo na ukuta usiruhusu uhamaji wa papo hapo. Msitu wa nchi kavu haufi siku maji ya chumvi yanapofika. Hukaa miaka, miche ikikosekana kwanza, kisha miti mikubwa inabaki imesimama mikavu, kama inavyoonekana kando ya ghuba ya Chesapeake, Marekani.

La tatu ni ukingo wa bahari. Mawimbi humega kinamasi kwa ubavu hata pale uso wake unapopanda vizuri. Modeli ya wima haijui habari hiyo. Chukua picha za angani za miaka tofauti, pima ukingo umerudi nyuma mita ngapi kwa mwaka, na ukate visanduku kwa kasi hiyo. Ni ukatili wa hesabu, lakini ni bora kuliko kujifanya mawimbi hayapo.

Kuna programu iliyotengenezwa tayari, SLAMM, inayotumika tangu miaka ya 1980, ambayo hubadilisha kila kisanduku kutoka aina moja ya ardhioevu hadi nyingine kwa kufuata mwinuko. Ni ya haraka na inafaa eneo kubwa. Usiiendeshe tu kwa kasi moja ya kujijenga uliyoiandika wewe, kwani hapo umerudi kwenye beseni lenye sakafu inayopanda. Chukua mkunjo wa D na kasi kutoka kwenye nukta yako, uiingizie.

Hatua ya 10: Ijaribu kwa yaliyopita

Tafuta ramani ya mimea ya miaka 30 iliyopita, anzisha modeli hapo, iache ije hadi leo, linganisha. Tahadhari kuhusu asilimia. Nilipata kujivunia modeli iliyopatia visanduku 90 kati ya 100, hadi nilipogundua kwamba visanduku 92 havikubadilika kabisa katika miaka hiyo. Modeli bubu inayosema "hakuna kitakachobadilika" ingenishinda. Siku hizi naangalia visanduku vilivyobadilika peke yake: vingapi nilivijua, na vingapi nilivisingizia.

Kisha tikisa. Chukua kila namba usiyo na hakika nayo, yaani tope, mwinuko, sehemu ya mizizi isiyooza, kasi ya bahari, na uiache ichaguliwe kwa bahati nasibu ndani ya mipaka yake. Endesha mara 1,000. Kwa kila kisanduku hesabu ni mara ngapi mmea ulibaki hai mwaka 2080. Hiyo ndiyo ramani ya kumpa mtu: asilimia, si rangi mbili. Angalia pia ni namba gani iliyotikisa matokeo kuliko zote. Mara nyingi ni mwinuko wa kuanzia, na fedha za msimu ujao ziende huko kabla ya kununua kompyuta kubwa.

Mwisho wa kazi, andika mambo haya kwenye pembe ya ramani yenyewe, si kwenye kiambatisho ambacho kitabaki nyuma ramani ikisambazwa: sufuri iliyotumika na miaka yake, mwaka wa laida na sentimita zilizokatwa kwa kila aina ya mmea, D ya wastani ya leo, kikomo cha kasi ambacho kinamasi kinaweza kufuata, na mwaka ambao bahari inakivuka kikomo hicho katika kila njia uliyoendesha. Mwaka huo uandike hata kama ramani ya mwaka huo bado ni kijani kitupu.